Jinsi Seli za Pafu la Bosibori Zilivyotuchanganya

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya kusoma seli kwenye hadubini mpaka nikastaafu, wanadhani nilikuwa mtu wa kujua. Wanadhani unaweka kioo, unachungulia, unaiona saratani imekaa pale kama paka juu ya kiti, unaandika jina lake, kisha unaenda kunywa chai. Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa, wenye macho mapya na simu nzuri, naomba niwaondolee dhana hiyo mapema. Sehemu kubwa ya miaka yangu katika maabara pale Kisii niliimaliza nikiwa nimechanganyikiwa. Sasa ninachuma chai yangu huku Nyamache, na hata kwenye mistari ya chai najikuta nimesimama, kikapu mgongoni, nikiziwaza seli fulani ambazo mpaka leo sijazielewa vizuri.

Kazini waliniita Madam Kerubo. Kazi yenyewe ni hii: mtu ana uvimbe mahali ambapo mkono haufiki, daktari anaingiza sindano nyembamba, anavuta kitone cha majimaji chenye seli, sisi tunakipaka juu ya slaidi, yaani kile kioo chembamba, tunakitia rangi, tunatazama. Kutokana na kitone hicho, ambacho hakijazi hata ukucha wa kidole cha mwisho, mtu na nyumba yake yote wanataka waambiwe kesho yao.

Nilifundishwa na Mzee Makori, upande wa Nyamira, mtu mfupi aliyevaa koti jeupe lililofika karibu na viatu. Siku moja sisi wanafunzi wake tulikusanyika kwenye hadubini tukipiga kelele, kwa sababu makohozi ya baba mmoja yalikuwa na seli kubwa ajabu, zenye kuta nene na viini vyeusi, zimejipanga kama matofali. Mmoja wetu alikuwa tayari ameshasema saratani. Mzee Makori akachungulia, akainua kichwa, akatuuliza, "Huyu mzee alikula nini asubuhi?" Tukamwangalia tu. "Nendeni mkamwulize." Tukaenda. Mzee wa watu akatujibu kwamba alikula ugali na chinsaga iliyolala. Zile seli zilikuwa za mboga. Chinsaga ilikuwa imebaki katikati ya meno, ikatemwa pamoja na makohozi, na sisi tulikuwa karibu kumzika mtu kwa sababu ya kiporo.

Mzee Makori hakutucheka. Alituambia, "Kabla hujauliza hii seli ni nini, uliza imefikaje hapa." Kwa miaka mingi nilidhani nimeielewa kauli hiyo. Kisha akaja Bosibori.

Bosibori alikuwa mama wa makamo kutoka Tabaka. Mume wake, Ombaso, alichonga mawe laini ya huko, viboko na twiga na sahani, na yeye Bosibori alikuwa akiyasugua kwa msasa na maji mpaka yang'ae. Kama umewahi kufika Tabaka unajua vumbi lake, jeupe na laini kama unga wa mtoto, linakaa kwenye nyusi na kwenye majani ya migomba. Alikuwa amekohoa miaka kadhaa kabla hajafika kwetu. Kwanza aliambiwa ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta mdomoni. Haikusaidia. Mahali pengine akaambiwa ni TB, akameza dawa mpaka zikaisha, ijapokuwa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha mdudu wa TB hata mara moja. Kikohozi kikabaki. Mtu wa tatu akamwambia ni vumbi la mawe, aache kazi. Akaacha, akawa anakaa nyumbani akikohoa bila hata kazi ya kumsahaulisha.

Aliyemstukia hatimaye ni kijana mmoja afisa wa kliniki kule Ogembo. Alimwekea kipimo kifuani, akahamisha upande huu na ule, akasema, "Mama, pumu hupiga mluzi pande zote mbili. Wewe unapiga wa kushoto peke yake." Akamwandikia skani. Skani ikaonyesha uvimbe ulioziba mrija wa hewa wa kushoto, na sehemu ya chini ya pafu imesinyaa ikashikana nao mpaka karibu na mbavu. Ndiyo sababu hata ultrasound iliweza kuuona, na ndiyo sababu alilazwa kitandani mbele yetu siku ile, ubavu wa kushoto juu, akisubiri sindano.

Daktari wetu wa patholojia alikuwa Daktari Mutua, mtu wa Machakos, mpole, mkubwa kama mlango. Ekegusii chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri alipohitaji. Bosibori aliniita kwa jicho nikainama.

"Mama, hii sindano itafika wapi?"

"Itafika kwenye uvimbe."

"Na ikipita?"

"Daktari anaiona kwenye ile skrini."

Aligeuza macho akatazama skrini kwa muda. "Mimi naona mvua tu," akasema. Kusema kweli, mimi pia huwa naona mvua.

Hapa niwape jambo la mikono, kwa sababu vitabu hulipita haraka. Sindano ikitoka, una pumzi chache tu. Slaidi ziwe zimeshaandikwa jina, na ziandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu ukiingia kwenye spiriti unaondoka, na unabaki na kioo kisicho na mwenyewe. Dondosha kitone karibu na mwisho wa slaidi, lalisha slaidi ya pili juu yake, buruta taratibu kama unavyopaka siagi kwenye mkate laini. Usikandamize. Seli za kifua ni za kudeka. Ukizibana zinapasuka na kuwa nyuzi, na hakuna mtu duniani atakayezisoma tena. Nusu ya slaidi ziache zikauke kwa hewa, nusu zitumbukize kwenye spiriti hapo hapo. Zile kavu zinakuonyesha vitu vilivyo nje ya seli, zile za spiriti zinakuonyesha kiini. Ukifanya aina moja tu umemtazama mtu kwa jicho moja.

Tulizitia rangi, tukakaa kwenye hadubini yenye vichwa viwili, daktari upande wake na mimi wangu. Seli zilikuwa nyingi. Ndogo, nyeusi, zimesongamana, mwili wa seli ni mwembamba kiasi kwamba unaona viini vitupu.

"Seli ndogo," akasema Daktari Mutua, na sauti yake ikashuka.

Vijana, saratani ya mapafu ya seli ndogo ni jina ambalo hakuna anayependa kuliandika. Inakwenda mbio. Kwa kawaida hakuna upasuaji wa maana, unaanza dawa za kemo na kuomba Mungu, na mara nyingi hesabu ni ya miezi. Karibu kila mwenye nayo amevuta sigara kwa miaka.

"Alivuta?" nikamwuliza.

"Wewe ndiye uliyezungumza naye."

"Ni Msabato wa kweli, daktari. Ana chai nyuma ya nyumba na hainywi."

Akasogeza slaidi. "Na amekohoa miaka mingapi?"

"Mingi."

"Seli ndogo haisubiri miaka," akasema. Lakini hakuondoa jicho. Zilikuwa ndogo. Zilikuwa nyeusi. Mimi mwenyewe ningelazimishwa kusema neno ningesema hilo hilo. Ila viini vyake vilikuwa vimetulia mno, vyote vinafanana, hakuna kilichokuwa kinajigawa, hakuna kilichokufa. Saratani yenye haraka huacha uchafu nyuma yake, na hii ilikuwa nyumba iliyofagiwa.

Kisha tukahamia kwenye slaidi kavu, na mambo yakaharibika kabisa. Katikati ya zile seli kulikuwa na viduara. Viduara vya rangi ya zambarau inayong'aa, vingine vidogo, vingine vikubwa, laini, mviringo kamili, kama shanga zilizomwagika kwenye unga. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho kutoka kifuani.

"Jeli," akasema daktari. Alimaanisha ile jeli ya ultrasound inayopakwa kwenye ngozi. Ikiingia kwenye sindano hushika rangi ya zambarau kama hiyo na kumdanganya mtu.

"Jeli huwa na chengachenga," nikasema. "Hivi ni laini."

"Basi unga wa glavu."

"Unga wa glavu haushiki rangi hivyo."

"Basi ni nini?"

"Labda vumbi la Tabaka," nikasema, na nilivyosema hivyo niliona nimesema kitu cha maana, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa amevuta mawe nusu ya maisha yake.

Daktari Mutua alikuwa na ujanja wake. Alikuwa amevunja miwani ya jua, ile inayozuia mng'ao, akatoa vioo viwili, kimoja anakiweka juu ya taa ya hadubini na kingine juu ya slaidi, kisha anakizungusha mpaka giza liingie. Vumbi la mawe likiwa kwenye giza hilo huwaka kama nyota. Akazungusha. Nyota zikatokea! Chache, ndogondogo, huku na kule. Nikasema, "Si unaona?" Akasema, "Naona. Sasa tazama viduara vyako." Viduara vilikuwa vimezama kwenye giza pamoja na kila kitu. Vumbi lilikuwepo, na viduara vilikuwepo, na havikuwa kitu kimoja. Nilirudi kitini nikiwa najua mambo mawili zaidi na kuelewa moja pungufu.

Zamani, enzi za Mzee Makori, tungetia slaidi kwenye kisanduku cha mbao na kuituma Nairobi kwa basi, na jibu lingerudi mgonjwa ameshasahau sura zetu. Siku hizi unaweka simu kwenye kioo cha macho cha hadubini, unapiga picha, unaituma kwa kundi la madaktari wenzako, na majibu yanaanza kudondoka kabla hujaweka simu mezani. Nyinyi mnaona hayo ni maendeleo, nami nakubali. Lakini siku ile wa kwanza alijibu seli ndogo. Wa pili akasema si seli ndogo, ni kasinoidi, ugonjwa mwingine kabisa, wa polepole. Wa tatu akasema limfoma, saratani ya tezi za limfu. Mwingine akaandika, "Futeni jeli, jamani," na kuweka kikatuni kinachocheka. Wakati wa chai tulikuwa na majina mengi ya ugonjwa kuliko vikombe. Daktari Mutua aligeuza simu kifudifudi.

Wakati sisi tukibishana na viduara, neno lilikuwa limeshatoka nje. Sijui nani alilisema kwenye korido. Nilipotoka nilimkuta Ombaso amesimama karibu na dirisha la maabara, mikono yake mikubwa ya mchongaji imeshika kofia.

"Madam," akasema, "nimesikia ni ile mbaya. Ya miezi."

"Nani amekuambia?"

"Watu. Nimeshampigia mama mkwe. Kanisa limepanga kuja nyumbani." Akageuza kofia. "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Nimwambie yeye, au nisimwambie?"

Kama ningemwambia si kweli, ningekuwa nadanganya, kwa sababu pengine ilikuwa kweli. Ningemwambia ni kweli, pia ningekuwa nadanganya. Nilimwambia, "Baba, usimwambie lolote ambalo karatasi haijasema." Aliniangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa glasi tupu.

Niliporudi ndani nilimsimulia daktari. Alisukuma kiti nyuma. "Sitaweka sahihi," akasema. "Nikiandika seli ndogo, ataanzishiwa kemo wiki ijayo na hakuna daktari wa upasuaji atakayemtazama. Nikiandika kasinoidi na ni seli ndogo, atasubiri upasuaji mpaka afe. Tumchome tena."

Kumwambia mgonjwa kwamba atachomwa tena ni kazi ambayo hawakufundishi. Bosibori alisikiliza, leso imefunika mabega, kisha akauliza kwa Ekegusii, sauti ya chini kabisa, "Ile ya kwanza ilikuwa ya mazoezi?"

Nikatafsiri neno kwa neno, kwa sababu sikuona haki ya kulilainisha. Daktari Mutua akavuta kigoda, akakaa chini mpaka macho yake yakawa usawa wa yake. "Mwambie seli tumezipata," akasema. "Mwambie hatujui zinaitwaje. Mwambie jina moja linaleta dawa hii na jina lingine linaleta kisu, na mimi naogopa kukosea."

Bosibori alimtazama muda mrefu yule mtu mkubwa kwenye kigoda kidogo. "Basi na achome," akasema.

Mara hii tulifanya mambo kwa woga wa watu walioumwa na nyoka. Jeli hatukuitumia, tulipitisha ultrasound kwa maji safi ya chumvi. Glavu zilikuwa za aina isiyo na unga. Ngozi ilifutwa na kufutwa tena. Sindano iliposhiba, kitone cha kwanza kikaenda kwenye slaidi, na vilivyobaki tukavitia kwenye chupa ya fomalini vigande viwe kadonge kadogo, ili kadonge hako kakatwe vipande vyembamba na kutiwa rangi za kipekee ambazo sisi hatukuwa nazo. Kama hutakumbuka lolote katika maneno yangu, kumbuka kadonge. Slaidi ni picha, lakini kadonge ni nyama, na nyama unaweza kuiuliza maswali tena na tena.

Viduara vikarudi. Visafi kuliko mara ya kwanza, na sasa, kwa kuwa hakukuwa na uchafu mwingine, tuliona tulichokuwa hatujakiona. Havikuwa vimetawanyika ovyo. Kila kiduara kilikuwa kimezungukwa na zile seli ndogo, zimekikumbatia pande zote. Hakuna seli inayokumbatia jeli. Hizi seli ndizo zilizokuwa zimekitengeneza.

Daktari Mutua alitoka. Alirudi na kitabu kilichokatika mgongo, akakifungua, akaniwekea mbele. Picha ilikuwa ya viduara vile vile. Saratani ya adenoidi sistiki. "Niliiona mara moja nikiwa mwanafunzi," akasema, "kwenye kaakaa la mtu mmoja. Kwenye pafu sijawahi. Hii inaishi kwenye tezi za mate, Madam Kerubo. Sasa inafanya nini kifuani?"

Mngefikiri tungefurahi. Tulikuwa tumepata jina, na jina lilileta fumbo lingine. Ni kweli kwamba kwenye kuta za mirija ya hewa kuna vitezi vinavyofanana na vile vya mate, na mara chache mno saratani hii huanzia humo. Lakini mara nyingi zaidi inaanzia mdomoni au chini ya sikio, inakaa kimya, kisha inasafiri mpaka kwenye pafu. Kama ilikuwa imeanzia kwenye pafu, Bosibori angeweza kukatwa na kutolewa ugonjwa. Kama ilikuwa imesafiri, basi tulichokuwa tunakiona ni tawi, na mti uko mahali pengine. Seli zenyewe hazisemi zimetoka wapi. Ukiziangalia kwenye hadubini ni zile zile.

Ikabidi tumwulize mwenyewe. Daktari akauliza kwa Kiswahili, mimi nikageuza kwa Ekegusii, na Ombaso amekaa kando.

"Umewahi kukatwa uvimbe mdomoni?"

"Ndiyo," akasema Bosibori mara moja. "Nilikatwa."

Daktari akaacha kuandika. "Wapi?"

Akafungua mdomo, akaonyesha kidole huko nyuma, juu, kwenye kaakaa kabisa. Mahali pale pale ambapo daktari, akiwa mwanafunzi, aliiona kwa yule mtu mmoja.

"Lini?"

"Kabla ya dawa za TB."

"Kilichokatwa kilipelekwa maabara gani?"

"Alikitupa."

"Nani alikitupa?"

"Yule mzee aliyenikata."

Nilimwangalia Daktari Mutua, akaniangalia. Niliona upasuaji ukiondoka chumbani kwa miguu yake. Mti ulikuwa umekatwa na mzee asiyejulikana na kutupwa shambani, na sisi tulikuwa tumeshika tawi. Daktari akafuta uso kwa kiganja, akauliza taratibu, "Huyo mzee ni daktari wa hospitali gani?"

Hapo Ombaso akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anajizuia kucheka, na mwishowe akashindwa. "Madam," akasema, "si uvimbe! Ni kile cha kuning'inia. Kimeo. Alikuwa anakohoa, watu wakasema kimeo kimerefuka kinamkwaruza koo, tukampeleka kwa mzee anayekata." Neno nililotumia kwa uvimbe linaweza kumaanisha chochote kilichovimba, na kimeo chake, kwa kukohoa kutwa kucha, kilikuwa kimevimba. Alijibu swali lililoulizwa. Bosibori mwenyewe alikuwa anatushangaa sote, mdomo bado wazi.

Daktari aliwasha tochi akaangalia. Kimeo hakikuwepo, na kaakaa lilikuwa safi kama la mtoto. Hata hivyo hakuamini macho yake peke yake. Alimpeleka kwa daktari wa koo na masikio, akachunguzwa mdomoni, puani, chini ya masikio, uso wote ukapigwa skani. Hakuna kitu. Ugonjwa ulikuwa umezaliwa pale pale pafuni.

Jibu la kadonge likarudi kutoka Nairobi. Rangi za kipekee zilikubaliana nasi, kwa ile lugha ya ripoti zetu. Nilimsomea Ombaso: inaelekea kuwa saratani ya adenoidi sistiki iliyoanzia kwenye mrija wa hewa.

"Inaelekea," akarudia. "Inaelekea wapi?"

Nimeandika neno hilo maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kulisikia mpaka siku ile. Nilimweleza kwamba maana yake ni kwamba tuna hakika kiasi cha kumkabidhi kwa daktari wa upasuaji, lakini si kiasi cha kuapa. Akasema, "Kwa hiyo bado hamjui." Nikamwambia tunajua zaidi ya juzi. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Bosibori alipasuliwa kwenye hospitali kubwa mbali na kwetu. Walitoa sehemu ya chini ya pafu la kushoto na kipande cha mrija. Uvimbe mzima ulipokatwakatwa na kuchunguzwa, jina likathibitika bila "inaelekea". Lakini ripoti ilikuwa na mstari mmoja zaidi. Saratani hii ina tabia ya kutambaa kando ya mishipa ya fahamu kama mzizi wa nyasi ya sangari, huuoni juu lakini uko chini, na kwenye ukingo wa mahali walipokata zilionekana seli chache. Wakampiga mionzi mahali hapo, akarudi nyumbani.

Alipokuja kliniki baada ya hapo, amekonda lakini mluzi umeisha, alinisimulia kwamba wiki ile ya maneno ya korido alikuwa amesikia kila kitu. Ombaso hakumwambia, lakini kanisa lilipokuja kuimba alielewa. Hakuna anayeimbiwa nyimbo zile kwa ajili ya kikohozi. Basi akagawa nguo zake zote nzuri kwa dada zake. "Sasa natembea kijijini," akasema, "namwona dada yangu na sketi yangu, na siwezi kudai. Nitamwambiaje? Nirudishie, sikufa?" Tulicheka kwenye korido ile ile mpaka nesi akatutazama vibaya.

Daktari Mutua amehamishwa, mimi nimestaafu, na Bosibori yuko hai ninapoyaandika haya. Mawe hasugui tena. Anauza sanamu za mumewe kando ya barabara. Mara ya mwisho kumwona nikiwa bado kazini, alikuja maabara akaniomba kitu ambacho hakuna mgonjwa aliyewahi kuniomba. Alitaka kuziona. Nilitoa slaidi yake, nikaiweka, nikamshushia kiti. Alitazama kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa kwa nguvu, mikono magotini kama mtu aliye kanisani.

"Hizi ndizo zilikuwa ndani yangu?"

"Ndizo."

"Mbona ni nzuri?"

Ni nzuri kweli, nami nilikuwa sijawahi kuthubutu kulisema hilo mbele ya mtu. Aliinua kichwa akanigeukia.

"Zimebaki nyingine?"

Nilimwambia ninachokijua: kwamba pale ukingoni zilionekana, kwamba mionzi ilipigwa, kwamba ugonjwa huu unaweza kukaa kimya miaka mingi sana na usirudi, au urudi. "Sijui, Bosibori," nikasema. "Na daktari hajui."

Akatikisa kichwa taratibu. "Wa pumu alijua," akasema. "Wa TB alijua. Wa vumbi alijua. Na yule mzee wa kimeo ndiye aliyejua kuliko wote." Akaanza kucheka, nami nikacheka, na alicheka mpaka akakohoa.

Tukakisikiliza kile kikohozi, yeye kwa ndani na mimi kwa nje, macho yetu yamekutana. Kilikuwa kimoja. Tukangoja cha pili.